Ini Halina Haraka

Mimi ni mfamasia, na wanaonijua watakwambia nina mdomo. Si uongo. Mgonjwa akija dirishani pangu hospitalini akaniambia amekunywa dawa ya jirani kwa sababu "ilimsaidia yule", namtolea uvivu hapohapo mbele ya foleni, awe mzee awe kijana. Miaka kumi na saba nimesimama nyuma ya kioo kile chenye tundu la kupitishia mkono, na miaka yote hiyo hotuba yangu ni ileile. Ini lako si jalala, nawaambia. Ini ni karakana. Ndani yake mna vimeng'enya, wafanyakazi wadogo wasioonekana hata uvae miwani ya babu yako, na kazi yao ni kukamata kila sumu na kila dawa iliyoingia mwilini, kuivunjavunja na kuitoa nje. Mzigo ukizidi, ini linaajiri wengine. Mzigo ukipungua, linawapunguza. Ila ini halina haraka: haliajiri leo kwa leo, wala halifukuzi leo kwa leo.

Hotuba hiyo naijua kama jina langu. Sasa sikiliza nilivyomfanyia kaka yangu.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea. Mafundi wenzake wanamwita Chuma, kwanza kwa ajili ya kazi, halafu jina likakolea alipopasuliwa na kuwekewa valvu ya chuma moyoni, kilango cha kupitishia damu. Ukikaa naye mahali palipotulia unaisikia ikigonga kifuani, na yeye hupenda kuwaambia watu kwamba ndiye fundi pekee anayetembea na kazi ya fundi mwingine ndani yake. Wazazi wetu walifariki mimi nikiwa darasa la sita na yeye ana miaka kumi na tisa. Alinilea yeye. Alinisomesha kwa ule moto wa kuchomelea, kila jioni anarudi macho mekundu, ananiuliza nimesoma nini leo. Siku nilipovaa koti jeupe mara ya kwanza aliniita Bi Vidonge, na tangu hapo hajawahi kuniita vinginevyo.

Mwenye valvu ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku mpaka mwisho wa uhai wake. Ikiwa ndogo, damu inaganda kwenye chuma na kuziba moyo. Ikizidi, anavuja damu ndani kwa ndani. Kwa hiyo damu inapimwa inavyochelewa kuganda, namba ikipanda inachelewa zaidi, na kwa kaka tulitaka namba ikae kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Kidonge kimoja kila jioni kilitosha. Miaka minne ilikwenda hivyo, kidonge kimoja, na hatukuwa na neno.

Kisha akapata kifua kikuu.

Dawa za kifua kikuu ni za miezi sita, na miongoni mwake kuna moja nyekundu ambayo ikishaingia, ini linaajiri vimeng'enya kwa fujo. Na vimeng'enya vikishakuwa vingi havichagui cha kuvunja. Vilikamata dawa ya damu ya kaka, vikaimaliza kabla haijafanya kazi. Mwezi wa kwanza namba ilianguka mpaka moja nukta mbili. Tukampa vidonge viwili, ikawa moja nukta tano. Tukampa vitatu, moja nukta nane. Usingizi ulinihama. Nikikaa naye nilisikia kile chuma kikigonga, na nilijua kinagonga kwenye damu iliyokuwa tayari kuganda wakati wowote. Daktari wa moyo, mtu mpole ambaye hata akikasirika ananong'ona, aliogopa kufika vidonge vinne. Nikamfuata ofisini kwake na karatasi za vipimo.

"Huyu si mtu wa kidonge kimoja tena," nilimwambia. "Ini lake limejaa wafanyakazi mpaka wanapigana vikumbo. Andika vinne."

"Na mambo yakibadilika?"

"Yakibadilika nipo mimi."

Akaandika vinne. Namba ikapanda mpaka mbili nukta sita, ikatulia hapo. Wifi yangu, mke wa kaka, alinishika mikono yote miwili akaniombea Mungu anizidishie. Na mimi, nisikufiche, kichwa kilivimba. Hakuna mtu pale hospitalini ambaye sikumsimulia, hata wafagizi.

Miezi sita ikatimia. Kaka alipomeza kile chekundu cha mwisho alicheza sebuleni kama bwana harusi, na watoto wake wakanipigia simu ili shangazi yao nisikie kelele. Nikamwambia, "Chekundu kimekwisha, hongera. Lakini vile vinne vya damu usivipunguze. Endelea hivyohivyo mpaka nikwambie."

Hapo nilikuwa sawa. Waulize wenzangu wa kazi hii, watakwambia nilikuwa sawa. Ukipunguza mapema, wakati vimeng'enya bado viko tele, damu inaganda. Kinachotakiwa ni kupima kila wiki, na namba ikianza kupanda, kutoa kidonge kimoja, kisha kingine, taratibu, mpaka umrudishe kwenye kile kimoja. Nimewafundisha wanafunzi wa mazoezi jambo hili mara zisizo na idadi. Nawaambia hatari haiji siku dawa inapokoma, inakuja wiki ya pili na ya tatu, watu wakishasahau.

Wiki ya kwanza nilimpima mwenyewe. Nilimtoboa kidole kwenye benchi nyuma ya dirisha langu, tukasubiri, mashine ikaandika tatu nukta tatu.

Kosa langu liko hapa, nalo si la kutojua. Kwa miezi sita nilikuwa naiomba namba ile ipande. Kila ilipopanda nukta moja nilimshukuru Mungu, na kila iliposhuka nilirudia kipimo. Jicho langu lilizoea kuogopa upande mmoja tu. Nikaona tatu nukta tatu, nikaona iko ndani ya mipaka, nikafurahi kwamba imepanda. Mtu baki kabisa, asiyemjua kaka wala hata jina lake, angeuliza ilikuwa ngapi wiki iliyopita. Angeambiwa mbili nukta sita, na vidonge ni vilevile vinne, na angeshtuka. Ilitakiwa mtu aliyempigania miezi sita ndiye aione namba ile na kucheka.

"Vipi, Bi Vidonge?" kaka aliniuliza, huku ananyonya kidole.

"Damu yako imenyooka kuliko mageti yako."

"Basi mimi nimepata kazi. Kuna shule inajenga bwalo, wanataka mtu wa kuchomelea paa. Siku kumi na mbili, nitalala hukohuko. Si utanipima nikirudi?"

Nilifikiri. Naapa nilifikiri. Nilitakiwa kumwambia aachane na hiyo kazi, au tupunguze kidonge kimoja kabla hajaondoka, au nimtafutie mahali pa kupimwa huko aendako. Lakini miezi sita alikuwa amekaa nyumbani kama kuku anayeatamia, hana raha, anawasumbua watoto kwa kunyoosha vijiko vilivyopinda, na sasa alikuwa amesimama mbele yangu uso umemchangamka kama zamani. Na namba ilikuwa nzuri. Nikahesabu vidonge arobaini na vinane, nikavitia kwenye mfuko wa karatasi, nikaandika kwa mkono wangu: vinne kila jioni.

"Usiruke hata siku moja," nikamwambia.

"Sawa, mkubwa," akasema, yeye aliyenifunga kamba za viatu.

Akaenda. Akawa anapanda juu ya paa la shule anachomelea, na ndani yake ini likawa linawaaga wafanyakazi wake mmoja mmoja, maana ile dawa nyekundu iliyowaita haipo tena. Kila siku wa kuivunja dawa ya damu wakawa wachache kuliko jana, na kila jioni yeye anameza vinne, kama nilivyoandika. Vinne vya leo vikawa vinavikuta vya jana bado vipo. Siku ya nane alinipigia simu, akanisimulia paa, akanisimulia wapishi wa shule wanavyomnenepesha. Mwishoni akasema ana madoa meusi mikononi na mapajani, chuma cha huko kizito.

"Uzee huo," nikamwambia. "Acha kubeba vya vijana."

Tukacheka. Angekuwa mgonjwa wa dirishani kwangu akaniambia ana madoa meusi na anakunywa dawa ile, ningemfokea mpaka aje kupimwa siku hiyohiyo, aje na nguo za kazi. Mganga hajigangi, wanasema. Na mimi nasema afadhali asijigange kuliko kumganga ndugu yake huku anacheka kwenye simu.

Alirudi Jumatano, kachoka. Alhamisi saa nne asubuhi nikiwa kazini, wifi akapiga.

"Wifi, kaka yako anasema kichwa kinamuuma sana. Hataki hata chai. Na sasa ameanza kuongea maneno nisiyoyaelewa."

"Maneno gani?"

"Si maneno, wifi."

Nilikuwa nimeshika chupa ya mgonjwa mkononi. Nikaiweka chini. Nikahesabu tangu kile chekundu cha mwisho, na sikuhitaji vidole: siku ya ishirini na moja. Wiki ya tatu, ileile niliyowaandikia wanafunzi ubaoni nikaipigia mstari. Nikakaa juu ya katoni ya dripu, na mwenzangu akauliza kama nimepata msiba.

Walimleta kwa gari la jirani. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, na fizi zinatoa damu. Walipomtoboa kwa ajili ya vipimo tundu halikuziba, muuguzi alibana pamba mpaka vidole vikamuuma. Mashine yetu husoma namba mpaka nane, ikipita hapo inachora mshale wa kwenda juu tu. Ilichora mshale. Picha ya kichwa ikaonyesha damu upande wa kushoto.

Daktari wa moyo alikuja mbio. Alitazama karatasi, akanitazama mimi. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na ingekuwa heri angenilaumu.

"Anapewa vitamini ya kugandisha," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Lakini hiyo inachukua saa nyingi. Plazma, yale maji ya damu yanayogandisha, ya kundi lake ipo mifuko miwili tu kwenye friji. Nimeagiza mingine."

"Miwili haitoshi."

"Najua."

"Si mumpasue, mtoe ile damu?"

"Nikimpasua sasa hivi nitaizuia na nini?"

Ile dawa ilikuwa ndani yake, vidonge juu ya vidonge, na hakuna mlango wa kuitolea isipokuwa ini lake mwenyewe, na ini lake lilikuwa limeshawaaga wafanyakazi. Zingepita siku nyingi kabla wachache waliobaki hawajaimaliza. Huwezi kuwaongeza kwa amri wala kwa sindano. Hawasikii machozi wala cheo chako hospitalini.

Nikarudi kwenye chumba cha dawa, nikafunga mlango, nikaenda kwenye rafu ya kifua kikuu na kutoa vile vyekundu. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Najua, nilikuwa nafikiri kwamba hii ndiyo iliyowaita wale wafanyakazi, basi iwaite tena. Nilishika viwili kiganjani. Nilisimama hivyo nikijifundisha somo langu mwenyewe: ini likiiona dawa hii leo litaanza kuajiri, na baada ya siku saba, nane, labda kumi, watakuwa wametosha. Yeye alikuwa na saa chache tu. Nilisimama mpaka rangi ikaanza kunishika mkononi kwa jasho, nikavitupa, nikanawa, nikarudi wodini.

Wifi alikuwa kwenye korido, amekaa kwenye benchi na viatu vya kaka mapajani.

"Wifi," alisema, "si alimaliza dawa? Si tulisema amepona?"

"Wifi, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyemfanya hivi. Nilipompima namba ilikuwa inapanda, sikuona. Nikampa vidonge vya siku kumi na mbili aondoke navyo."

"Acha. Usianze."

"Nisikilize." Nikaanza kumweleza. Nikamweleza karakana, nikamweleza vimeng'enya, vinavyoongezwa na vinavyopunguzwa, hotuba yote ambayo mpaka wauza mitumba wa nje ya geti wanaielewa. Maneno yalitoka, nayasikia mwenyewe yakitoka, na wifi ananitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mwenye homa. Mwisho akaninyooshea mkono na kunifunika mdomo kwa kiganja.

"Umechoka," akasema. "Bila wewe huyu angekufa mwaka jana. Usije ukarudia maneno hayo mbele ya watoto."

Nililia pale kwenye benchi. Yeye ndiye mwenye mume ndani, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Plazma nyingine ilifika alasiri. Siku ya tatu damu ikaacha kuvuja kichwani, na tukaambiwa ataishi, kwa sasa. Mkono wa kulia haukurudi, na ndio mkono wa kazi. Maneno hayakurudi. Anatazama, anageuza kichwa ukimwita, watoto wakiingia machozi yanamtoka. Lakini ukimuuliza kitu, hutajua kama kimefika.

Na kile chuma kinaendelea kugonga. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wa nje hawaioni, wanakuja na pole zao na kusema angalau amepona. Chuma kiko ndani ya moyo na dawa ya damu imeondolewa yote. Kila asubuhi daktari alikuwa anaweka kipimo kifuani, anasikiliza kama mlio bado uko wazi, na kila asubuhi nilikuwa nautazama uso wake kabla hajasema. Siku ya tisa aliniita pembeni.

"Hatuwezi kungoja zaidi," akanong'ona. "Tusipompa dawa, valvu itaziba."

"Tukimpa?"

"Kichwa kinaweza kuvuja tena."

"Sasa?"

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayelijua ini lake. Safari ile ulikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyeogopa."

Ini lake wiki hii linavunja kiasi gani? Limebakiza wafanyakazi wangapi? Kile kidonge kimoja cha zamani sasa kingekuwa kingi au kidogo, baada ya kuvuja damu vile, baada ya siku tisa za kula kwa mrija? Hakuna kitabu kinachosema. Miaka kumi na saba nawaambia watu mambo ya ini, na ini la mtu aliyenilea sikulijua hata kidogo.

"Mimi sisemi," nikamwambia. "Safari hii sisemi."

Akatikisa kichwa, akaandika mwenyewe: nusu kidonge, na kupima kila siku.

Kabla ya jioni nilipata nafasi ya kukaa na kaka peke yetu. Wifi alikuwa amekwenda kuwaogesha watoto. Nikamshika ule mkono mzima, nikamwambia yote, mwanzo mpaka mwisho, bila karakana wala hotuba. "Kaka, ile namba ilikuwa inapanda na mimi nikafurahi. Uliponiambia una madoa nikakucheka. Ni mimi." Alinitazama muda mrefu. Macho yalikuwa yaleyale ya siku zote. Nikamwomba aminye kidole changu kama amesikia. Hakuminya, na sikujua ni kwa sababu hawezi, au hakuelewa, au alielewa.

Jioni muuguzi akaja na nusu ile ndani ya kijiko cha maji. Ilikuwa mara ya kwanza kupewa kitu mdomoni bila mrija, na muuguzi alitaka kuona kama atameza. Kaka akafumba mdomo. Muuguzi akambembeleza, kaka akageuza uso ukutani. Wifi, aliyekuwa amesharudi, akajaribu. Kaka akazidi kubana meno, mpaka maji yakamwagikia shingoni ikabidi nusu nyingine iletwe.

"Hebu wewe, wifi," akasema. "Wewe ndiye mtu wake wa dawa."

Nilitaka kusema hapana. Nikakipokea kijiko. Niliinama nikamwonyesha ile nusu, nyeupe, ndogo kama punje. Nilitaka aione. Nilitaka ageuze uso ukutani kama alivyowafanyia wenzangu, nipate kumpa muuguzi kijiko chake niende zangu.

Hakukitazama kijiko. Alinitazama mimi usoni, akafungua mdomo, akangoja. Nikamwekea juu ya ulimi, naye akameza.